Uzi: Umeagiza ghala la vyuma kutoka kiwandani. Msingi wake nani kauchora?

Timazi_wa_Kahama (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita niliitwa kwenye kiwanja kimoja nje kidogo ya Kahama. Mwenye mali anafanya biashara ya mpunga, ameagiza ghala la vyuma la mita 20 kwa 36. Vyuma vimefika kwenye semi mbili, vimepangwa vizuri juu ya magogo, kila kipande na namba yake. Kreni imekodiwa kwa siku. Nguzo ya kwanza ilipoteremshwa, matundu ya pleti ya mguu (kile chuma bapa kilicho chini ya nguzo) hayakuingia kwenye bolti hata moja. Zimepishana sentimita nne.

Kila mtu pale alikuwa anatazama bolti. Mimi nikaomba michoro ya kiwandani. Ikatolewa kwenye gari, bado imo ndani ya bahasha yake. Ukurasa wa tatu una jedwali la mizigo ya nguzo: mzigo wa kushuka, mzigo wa kusukuma pembeni, na kwenye mstari wa upepo namba zenye alama ya kutoa mbele yake. Nikauliza vitako, yaani zege pana za chini ya kila nguzo, vimemwagwa kwa namba zipi. Fundi akanijibu kwa uungwana kabisa kwamba ametumia kipimo cha nyumba ya kawaida: mita moja kwa mita moja, unene sentimita 30, shimo la mita moja.

Nilipofanya hesabu palepale juu ya boneti ya gari, zile sentimita nne zikawa jambo dogo.

Hii ni mara yangu ya tatu kukuta kitu kilekile, ndiyo maana nimeona nifungue uzi. Kiwanda kinachora kuanzia pleti ya mguu kwenda juu. Mara nyingi wanaandika wazi kwenye mchoro kwamba msingi hauwahusu, na wana haki, kwa sababu udongo wako hawajauona. Mteja anaamini amenunua jengo zima. Fundi anaamini injinia wa kiwanda keshamaliza kila kitu. Kuanzia kwenye bolti kwenda chini hakuna aliyefikiri.

Nitaendelea kidogo kidogo. Mwenye swali aulize.

Mama_Alizeti

Asante kaka kwa uzi. Mimi nipo Singida, nimelipa malipo ya awali ya ghala la mita 15 kwa 30 la kuhifadhia alizeti. Hiyo alama ya kutoa ina maana gani? Nimefungua michoro yangu sasa hivi na kweli ipo. Nilidhani ni dosari ya uchapaji.

Timazi_wa_Kahama

Dada, hiyo alama ndiyo roho ya jambo zima. Maana yake ni kwamba upepo ukija, nguzo hiyo haiukandamizi msingi. Inauvuta juu.

Nyumba ya tofali ina uzito wake. Upepo wa kawaida hauwezi kuinyanyua, kwa hiyo fundi aliyejenga nyumba 200 hajawahi kukutana na tatizo hili hata siku moja. Swali alilozoea ni moja tu: je, udongo utabeba? Ghala la vyuma ni jepesi mno. Bati, pau na fremu vyote kwa pamoja ni kama kilo 25 kwa kila mita ya mraba ya paa.

Sasa chukua lile la Kahama. Fremu ina upana wa mita 20, na kutoka fremu hadi fremu ni mita 6. Nguzo moja inashika nusu ya upana, mita 10, mara 6: mita za mraba 60. Uzito wa paa unaoifikia ni kilo 1,500.

Upepo wa mita 40 kwa sekunde una mgandamizo wa karibu kilo 100 kwa mita ya mraba. (Kanuni ni 0.613 mara kasi mara kasi, jibu linakuja kwa nyutoni; gawa kwa karibu 10 upate kilo.) Tukichukulia kwa mfano kwamba mfyonzo wa juu ya paa ukijumlishwa na msukumo wa ndani unafika kiasi hicho chote, nguzo inavutwa juu kwa kilo 6,000. Toa zile 1,500 za uzito wake. Zinabaki 4,500 za kushikwa na msingi.

Kile kitako cha mita moja kwa moja, zege yake, shingo yake (nguzo fupi ya zege inayopanda kutoka kwenye kitako hadi kwenye bolti) na udongo wote uliokaa juu yake, nilipata kilo kama 1,950.

Kasi ya upepo ya kwako inategemea ulipo na mazingira ya kiwanja, na mchoraji ndiye anayeichagua. Na milango ina maana kubwa: ghala lililofunguliwa mlango mpana upande unaotoka upepo, hewa inaingia na kulisukuma paa kwa ndani wakati huohuo linafyonzwa kwa nje. Usikubali mtu achore ghala lako bila kuuliza milango iko wapi.

Nondo_16

Injinia, kwa hiyo unataka kitako cha ukubwa gani? Maana mteja akisikia zege imeongezeka anatafuta fundi mwingine.

Timazi_wa_Kahama

Kwa mfano huohuo: mita 1.8 kwa 1.8, unene sentimita 40, shingo ya sentimita 40 kwa 40, juu yake udongo wa sentimita 90 ulioshindiliwa vizuri. Zege inatoa kilo 3,110, shingo 346, udongo 4,712. Jumla 8,168. Ongeza uzito wa paa, 1,500, unapata karibu 9,670. Kwa tahadhari tunapunguza uzito kwa asilimia 10 na tunaongeza upepo kwa asilimia 40: 8,700 dhidi ya 8,400. Inapita, kwa nafasi ndogo.

Tazama kwamba zaidi ya nusu ya uzito ni udongo, na udongo ni wa bure, umetoka kwenye shimo lenyewe. Kinachotakiwa ni kuurudisha kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 na kuushindilia kila tabaka. Ukiutupa tu kwa koleo, hesabu yote hii haipo. Nimeona watu wanabishana kuhusu mfuko mmoja wa saruji, halafu kifusi kinarudishwa na kijiko kwa dakika tano.

Na walio Dar au popote maji ya ardhini yanapopanda masika: kitu kilichozama hupungua uzito. Maji yakifika usawa wa ardhi, zile kilo 8,168 zinabaki kama 4,500. Kitako kilekile, kiwanja kingine, kimeshindwa.

Halafu nondo. Kitako cha nyumba tunaweka wavu chini tu, kwa sababu ardhi inakisukuma kwenda juu. Kitako kinachovutwa juu, udongo uliokaa juu yake ndio unaokipinda, kwa hiyo kinahitaji wavu wa juu pia. Hili hata baadhi ya wachoraji hulisahau.

Pwani_Kusini

Naunga mkono. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 nilikuwa upande wa Kilwa. Kuna banda la vyuma la jirani, wazi pande tatu. Bati hazikung'oka hata moja, zilifungwa vizuri kweli. Ila nguzo mbili za kona ziliinuka na shingo zake za zege, nondo zikabaki kwenye kitako chini. Wakati ule tulisema ni nguvu za Mungu tu. Leo nimeelewa nilichokiona.

Timazi_wa_Kahama

Poleni sana. Hicho ulichokiona ni mnyororo uliokatika kwenye pete dhaifu. Bati lilishika pau, pau ikashika fremu, fremu ikashika bolti, bolti ikashika shingo. Nondo zilizotoka kwenye kitako hazikupanda ndani ya shingo vya kutosha kuishika. Uvutaji lazima ufuatwe hadi mwisho, kipande kwa kipande: bolti iende chini vya kutosha kupishana na nondo za shingo, ringi (nondo nyembamba za kuzungushia) zizunguke zile bolti karibu na juu, nondo za shingo zikanyage wavu wa chini kwa mguu uliopindwa.

Na kona zina adhabu ya ziada. Upepo huvuta zaidi pembeni mwa paa, na nguzo zilizofungwa mikasi ya X (vyuma vinavyokatizana kati ya nguzo na nguzo) hupokea nguvu inayosukuma jengo zima kwa urefu wake. Kwa hiyo usimwage vitako vyote sawa kwa kuwa nguzo zinafanana kwa macho.

Kitengela_Yard

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu Kitengela shida ni ule udongo mweusi, black cotton. Mjengo wangu wa kwanza, ghala ndogo la chuma la kuweka mbolea, mlango wa kusukuma ulikuwa unafunga vizuri wakati wa kiangazi na mvua ikinyesha haufungi. Fundi alikuwa anapunguza mlango kila mwaka. Udongo ndio ulikuwa unapanda.

Timazi_wa_Kahama

Karibu ndugu. Huku tunauita udongo wa mbuga, na Shinyanga yote inaujua. Ukiloa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia.

Wengi wanafikiri jengo jepesi ndilo linalofaa zaidi juu ya udongo mbaya. Kwa udongo wa kuzama, sawa. Kwa udongo wa kuvimba ni kinyume chake. Mbuga inapovimba inaweza kusukuma kwa zaidi ya tani 10 kwa kila mita ya mraba. Kitako changu cha mfano, pamoja na udongo wake na paa lake, kinakandamiza kama tani 3 tu. Nani atashinda hapo? Jengo la ghorofa nne lingebishana nao. Ghala lako linabebwa tu. Na halibebwi sawasawa. Upande wa mfereji wa maji ya bati hupanda zaidi, fremu inapindika, bati zinaanza kuvuja kwenye misumari, mlango unakataa.

Ulifanyaje mwisho?

Kitengela_Yard

Ile ya pili tulichimba weusi wote ukaisha. Bahati nzuri kwangu ulikuwa futi nne na nusu tu halafu mwamba. Tukajaza murram kwa tabaka, na roller. Pia tulizungushia zege ya upana wa mita moja na nusu nje ya ukuta, maji ya bati yanaenda mbali kwa bomba. Miaka sita sasa, mlango haujaguswa.

Timazi_wa_Kahama

Umefanya ipasavyo, na hiyo zege ya nje ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mbuga haina shida ikiwa na unyevu uleule mwaka mzima. Inayoleta maafa ni hali ya kuloa na kukauka.

Pale ambapo mbuga ina kina cha mita tatu au nne, kuchimba yote ni gharama isiyolipa. Hapo tunateremsha nguzo fupi za zege za kuchimbwa kwa keekee hadi chini ya ukanda unaobadilika na misimu, zikiwa zimetanuliwa chini kama mguu wa tembo, na nondo kutoka juu hadi chini. Kwa ghala la vyuma zinafaa mara mbili, maana huo mguu uliotanuka unazuia pia kuvutwa na upepo. Mkanda wa zege unaounganisha nguzo huachiwa nafasi tupu chini yake, ili udongo ukivimba usiukute.

Yote haya yanategemea shimo la majaribio. Chimba mashimo mawili au matatu, peleka sampuli maabara, upate kipimo cha kuvimba na kipimo cha kubeba. Ukilinganisha na bei ya vyuma ulivyoagiza, ni fedha ndogo.

Mama_Alizeti

Kaka, kwenye jedwali langu kuna namba nyingine ya pembeni kwenye kila nguzo, hata kwenye mstari ambao hauna upepo. Kwa nini nguzo isukume pembeni kama hakuna upepo?

Timazi_wa_Kahama

Dada, hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Fungua ngazi ile ya miguu miwili, isimamishe juu ya vigae vyenye maji, na ile kamba ya katikati uitoe. Panda. Miguu itatanuka. Fremu ya ghala ni hivyohivyo: paa likikandamizwa, miguu inataka kwenda nje. Nyumba ya tofali yenye kenchi za mbao haijui nguvu hii, kwa sababu kenchi ina mbao ya chini inayoshika pande mbili zisiachane. Fremu ya vyuma haina mbao hiyo, ili ghala libaki wazi ndani. Basi kazi yake inakuwa ya msingi.

Kwa lile la mita 20, urefu wa nguzo mita 6, mzigo wa paa kilo 85 kwa mita ya mraba ukijumlisha watu na vifaa vya matengenezo, nilipata kama tani 2.4 kwenda nje kila upande. Kuna njia tatu.

Unaweza kukikuza kitako chenyewe kihimili kupinduka. Ni njia salama ila ni zege nyingi, hasa nguzo zikiwa ndefu.

Unaweza kupitisha kiungo cha nondo chini ya jamvi (sakafu ya zege), kutoka shingo hii hadi shingo ya upande wa pili, kikiwa kimefunikwa na zege kisioze. Hii naipenda. Lakini sikiliza hapa: kwa nguvu peke yake, nondo moja ya milimita 12 ingetosha. Ukiiweka hiyo moja, ikishika tani 2.4 itarefuka milimita 21 katika mita 20. Miguu imetanuka. Ukiweka mbili za milimita 16 inarefuka kama 6. Kinachoamua ukubwa wa nondo hii ni kurefuka, wala si kukatika.

Njia ya tatu ni nondo zilizopindwa kama kibanio cha nywele, zinaikumbatia shingo na miguu yake inalala ndani ya jamvi, ili jamvi lenyewe lishike. Ni rahisi, na viwanda vingi huichora. Mimi siipendi kwa maghala yetu. Jamvi hukatwa kwa msumeno wa zege lisipasuke ovyo, na mkato ukipita kwenye wavu, kiungo kimekufa. Au miaka minane baadaye mwenye mali anavunja jamvi katikati aweke shimo la mizani ya magari. Hakuna atakayemwambia kwamba pale chini ndipo ghala lilipokuwa limeshikana.

Fundi_Shabani_wa_Zege

Shikamoo injinia. Nimesoma yote kimya ila nina la kusema. Mafundi tunalaumiwa sana kwenye hizi kazi. Mimi nimejenga misingi mitano ya vyuma. Mara nne michoro ilikuja baada ya zege. Mteja anasema meli iko njiani, vyuma vikifika bandarini analipia kukaa kwake, kwa hiyo mwaga sasa hivi, bolti utapanga kwa mkanda. Ukikataa, kesho unamkuta mwenzako kiwanjani. Nani wa kulaumiwa hapo?

Timazi_wa_Kahama

Marahaba fundi. Umesema kweli, na sina cha kupinga. Yule wa Kahama naye alimwaga kabla ya kupewa ile bahasha. Kosa lilianza siku mkataba wa vyuma uliposainiwa bila kifungu cha kutuma jedwali la mizigo na mpango wa bolti mapema. Kiwanda kinazo namba hizo kabla hakijakata chuma cha kwanza. Kuzituma ni kazi ya dakika moja. Mteja ndiye anatakiwa kuzidai, na malipo ya pili yasubiri hadi zifike.

Ukishapata mpango wa bolti wewe huwa unafanyaje? Wenzako wapate.

Fundi_Shabani_wa_Zege

Nachonga pleti ya mfano kwa bati nene au plaiwudi, matundu yaleyale ya pleti ya mguu. Bolti zote nne nazifunga humo kwa nati juu na chini, halafu nakamata pleti kwenye boksi la mbao, sio kwenye nondo, maana nondo inatikisika ukimwaga. Kabla ya zege napima kona kwa kona. Kwa hilo la 20 kwa 36 ulalo unatakiwa mita 41.18 pande zote mbili. Namwaga, vaibreta inapita, napima tena zege ikiwa bado mbichi. Nyuzi za bolti nazifunga na nailoni na grisi.

Timazi_wa_Kahama

Kupima tena zege ikiwa mbichi, hapo ndipo fundi anapojulikana. Mimi nakubali milimita 3 kati ya bolti na bolti kwenye kundi moja, na 6 kutoka nguzo hadi nguzo. Juu ya shingo acha nafasi ya sentimita 3 hadi 5, nguzo isawazishwe kwa nati za chini, kisha ijazwe grauti (uji mzito wa saruji) isiyosinyaa. Watu wanasahau ile grauti miezi mingi, na jengo zima linakaa juu ya nyuzi za bolti.

Kwa waliokwisha kukosea: bolti usiipinde kwa nyundo, usiichome moto iinuke, na tundu la pleti usilipanue kwa gesi.

Nondo_16

Sasa yule mteja wa Kahama mlimfanyia nini? Vitako 14 vimeshamwagwa.

Timazi_wa_Kahama

Kreni ilirudishwa siku ileile. Iliuma, lakini kila saa ilikuwa fedha. Tumechimba kuzunguka kila kitako, tunachubua zege ya zamani pembeni, tunatoboa na kupandikiza nondo kwa gundi ya epoksi, halafu tunamwaga kola ya zege kuzunguka hadi kifike kipimo kipya, wavu wa juu ukiwemo. Shingo tumezivunja zote na kuzisuka upya na bolti mpya. Viungo vya nondo mbili za 16 vinapita chini, kwa bahati jamvi lilikuwa halijamwagwa. Nondo tatu za kupandikiza tulizivuta kwa jeki kwanza kuona kama gundi inashika. Gharama imezidi ya kumwaga vitako sahihi tangu mwanzo, na mpunga wa msimu huu utakaa kwenye ghala la kukodi.

Mama_Alizeti

Kaka, nilikuwa nimwage Jumatatu. Nimewapigia kiwandani leo asubuhi, wamenitumia jedwali lote kwa barua pepe ndani ya nusu saa, kurasa nne. Nguzo ya kona, mstari wa upepo: kutoa 38, kilonyutoni. Fundi wangu alikuwa ameshachimba mashimo ya mita moja kwa moja. Nimemwambia asimamishe zege. Udongo wa chini ni mwekundu wenye changarawe, hauna nyufa.

Timazi_wa_Kahama

Umefanya vizuri sana dada. 38 ni karibu tani 3.9 za kuvutwa juu, na mashimo hayo hayatoshi, lakini shimo kupanuliwa ni kazi ya siku mbili tu. Nitumie kwa ujumbe wa ndani kurasa zote nne, picha ya shimo moja likiwa na futi ya kupimia ndani yake, na uniambie milango iko upande gani na upepo wa kwenu unatoka wapi mwezi wa nane. Fundi akae na mbao zake tayari. Jumatano utakuwa na mchoro.